Watu Wakishaondoka Msibani: Mwongozo Kamili wa Kuwaokea Waliofikwa

Mara ya kwanza tulikosea. Jirani alifiwa na mumewe, nasi wanawake sita wa Ngamiani, Tanga, tukakesha tunaoka. Siku ya pili ya msiba tukaingia na masinia matatu ya mkate wa mayai. Uani tukakuta masufuria ya pilau ambayo hayanyanyuliwi na mtu mmoja. Mikate yetu ililiwa na watoto, pamoja na vijana waliokuwa wakipanga viti. Mfiwa mwenyewe hakuonja hata kipande. Wiki tatu baadaye nilipita kumjulia hali, nikamkuta peke yake, mbele yake kikombe cha chai ya rangi bila kitafunio. Turubai lilishashushwa, viti vimerudishwa, na ndugu wa Handeni na Pangani wamekwenda makwao zamani.

Hapo ndipo tulipoona kazi yetu ilipo. Msiba wa kwetu haukosi chakula siku za mwanzo. Ukimya unaingia tanga likishaanuliwa. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na unga. Unaanza na kalenda.

Hatua ya kwanza: hesabu siku

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10; aliye mjamzito, eda yake huisha anapojifungua. Muda wote huo hatoki ovyo. Wanaobisha hodi ni wengi wiki ya kwanza, wachache wiki ya tatu, na mwezi wa tatu huenda asije mtu. Sisi tunapeleka siku ya 15, tena siku ya 30, halafu kila wiki mbili mpaka eda iishe. Siku ya arobaini tunairuka makusudi, kwa sababu nyumba nyingi, za Waislamu na za Wakristo pia, hujaa tena siku hiyo. Ukipeleka keki yako arobaini utakuwa umerudia kosa letu la kwanza.

Mgonjwa naye ana kalenda yake. Akiwa wodini wageni hupishana, na vyakula vingine huharibika kabatini. Mpelekee wiki ya pili baada ya kurudi nyumbani. Na anayemuuguza usimsahau. Mara nyingi yeye ndiye hajala.

Kisha kuna shida zisizo na turubai, na hizi kwangu ndizo za kutangulizwa. Mama aliyepoteza mimba au kitoto kichanga, ambaye msiba wake humalizwa kimya kimya. Mtu aliyeachishwa kazi. Mke ambaye mumewe amefungwa. Mzee aliyerudishwa kijijini pamoja na mtoto anayeugua akili. Hawa hawatangaziwi msikitini wala kanisani, hakuna daftari la rambirambi linalopitishwa, na majirani hawajui waseme nini kwa hiyo hawaji kabisa. Kitu cha kuoka kinakupa sababu ya kubisha hodi.

Nunua daftari la mistari. Andika jina, tarehe ya tukio, tarehe za kupeleka, asichokula, na nani atapeleka. Daftari likae kwa mtu mmoja. Habari hizi usiziweke kwenye kundi la WhatsApp, hata kama kundi ni la watu wanane. Shida ya mtu ikishaingia kwenye simu nane, kesho iko kwenye simu themanini.

Hatua ya pili: watu na pesa

Watu watano mpaka wanane wanatosha. Wakizidi hapo mtaanza kuzungumzia sare. Gawaneni kazi: wa daftari, wa manunuzi, waokaji wawili watatu kwa zamu, na wa kupeleka. Katika kikundi chetu mwanamume ni mmoja tu, dereva wa bajaji. Tulimchukua kwa ajili ya bajaji yake. Ikabainika kwamba kwa kupalia makaa juu ya bati hakuna anayemfikia.

Habari za shida mtazipata kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa imamu au mzee wa kanisa, kwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa mwenye duka. Mwenye duka ndiye anayejua nani ameanza kununua sukari ya kupimiwa badala ya kilo. Lakini kabla ya kuwasha moto, mtu mmoja aulize kwa siri, kwa mhusika mwenyewe au kwa dada yake: je, tukija itampendeza? Wapo wanaokataa. Wakikataa mmeishia hapo, na msiwe na neno.

Pesa kidogo ya kila wiki kwenye kibubu ni bora kuliko harambee kubwa ya mara moja. Kila manunuzi yaandikwe na bei ya siku hiyo, na daftari la hesabu lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Vikundi vingi nilivyoviona vikivunjika havikuvunjwa na wizi. Vilivunjwa na mayai trei moja ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaandika. Na msiombe michango kwa kutumia picha ya mtu mliyempelekea. Msimpige hiyo picha kabisa.

Hatua ya tatu: chagua cha kuoka

Keki yenye krimu ni nzuri ya harusi. Kwa mtu mwenye huzuni haifai. Inataka friji, inataka kisu, inataka sahani na watu wa kushangilia. Aliyefikwa hula kidogo kidogo, saa zisizo na mpango. Saa tisa usiku, akiwa amesimama jikoni. Anahitaji kitu kinachokaa siku nyingi, kinacholiwa kwa mkono mmoja, na ambacho kikibaki hakimsuti.

Kwa vigezo hivyo sijaona kinachoshinda vileja. Ni vya unga wa mchele na samli, havina ngano, na kwenye kopo lililofungwa vizuri hukaa wiki mbili bila friji hata kwa joto la Tanga. Samli haina maji kama siagi, ndiyo sababu haviharibiki upesi. Tumewahi kuvituma kwa basi hadi Dar es Salaam, kilomita 350 hivi, kwa mama aliyekuwa akipata mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, na mgonjwa wa mkoani anaweza kukaa wiki kadhaa kwenye chumba cha kupanga au kwa ndugu wa mbali. Vilifika vizima, isipokuwa vya juu kabisa.

Vileja 50 hivi

Unga wa mchele gramu 500, samli gramu 250, sukari iliyosagwa laini gramu 250, mayai 2, hiliki ya kutwanga kijiko kidogo kimoja na nusu. Zafarani kidogo iliyolowekwa kwenye kijiko cha maji ya moto ukiwa nayo. Usipokuwa nayo, acha.

Mchele uoshe siku moja kabla, uanike kivulini juu ya kitambaa safi mpaka ukauke, kisha upeleke mashine. Mwombe wa mashine asage kilo yako ya kwanza kando, maana mashine ikiwa imetoka kusaga mahindi utapata unga uliochanganyika. Ukifika nyumbani uchekeche mara mbili. Unga wenye chenga hutoa kileja kinachokwaruza ulimi, na hakuna samli itakayokificha.

Samli isiwe ya maji wala ngumu. Iwe laini kama mafuta ya kupaka asubuhi ya kipupwe. Ipige na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kama dakika kumi kwa mkono. Vunja kila yai kwenye kikombe kwanza, ulinuse, ndipo ulitie. Yai moja bovu likiingia umepoteza samli yote, na samli ndiyo gharama. Tia hiliki na zafarani. Halafu tia unga kwa mafungu matatu, ukichanganya kwa vidole mpaka kinyunya kishikane ukikifumbata. Kikimeguka ongeza kijiko cha samli, wala usitie maji. Kikinata mikononi kiache dakika 20, unga wa mchele hunywa taratibu.

Tengeneza vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, uvipange kwenye trei ukiacha nafasi ya kidole kati yake, kisha uvibonyeze kwa uma au kwa kidole gumba. Bibi yangu alikuwa akichora kwa ncha ya kijiti, kila nyumba na alama yake. Sisi tunatumia uma kwa sababu tunaoka vingi.

Oka kwa nyuzi 160 za Sentigredi, dakika 18 mpaka 20. Kileja kizuri kinabaki cheupe juu, na chini kinakuwa na rangi ya mchanga mkavu. Ukingoja kiwe kahawia kama biskuti ya dukani kimeshaungua. Kikitoka hakishikiki, usikiguse. Kiache kwenye trei dakika 15 kijikaze. Wanafunzi wetu wote wamevunja trei ya kwanza kwa haraka, nami nikiwemo.

Kama huna oveni

Wengi hatuna, na tulio nayo tunaogopa Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. (Oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kujizima hula uniti 2, kwa hiyo oka trei nne mfululizo, si moja leo na moja kesho.) Njia ya mkaa ni hii. Chukua sufuria kubwa nzito isiyo na vishikio vya plastiki, mwaga mchanga mkavu, kina cha vidole viwili, funika, weka jikoni dakika 15. Tumbukiza bati lako juu ya mchanga, ufunike kwa mfuniko bapa wa chuma, kisha upange makaa juu ya mfuniko. Kanuni ya zamani ni moto mwingi juu, kidogo chini. Makaa ya chini yawe matano sita yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Ya juu yazunguke ukingoni, katikati yawe machache. Kipimo chetu ni mkono: ukiuweka shubiri moja juu ya mfuniko na kuhesabu mpaka sita ndipo ukaondoa, moto unatosha kwa vileja. Ukishindwa kufika nne, punguza. Fanya kazi hii nje au penye upepo. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa hewa yake, na huwezi kuinusa.

Mkate wa mayai na wa kumimina

Mkate wa mayai ni wa mtu mwenye vidonda vya mdomo, mzee asiye na meno, na mtoto, kwa kuwa ni laini na huchovywa kwenye chai. Mayai 8, sukari gramu 250, unga wa ngano gramu 250, hiliki kijiko kidogo kimoja. Siri yake iko kwenye kupiga mayai na sukari. Kwa mashine ni dakika kumi, kwa mchapo wa mkono wa kupigia mayai ni nusu saa ya kupokezana, mpaka ukiinua mchapo utiririke mstari usiozama upesi. Unga uchekeche juu yake mara tatu, ukiukunja taratibu kwa mwiko. Ukiupiga unatoa hewa yote na mkate unalala. Nyuzi 170, dakika 35 hadi 40, bila kufunua dakika 25 za mwanzo. Hukaa siku tatu.

Mkate wa kumimina naupenda kuliko yote, lakini una tui, na tui kwa joto la pwani halingoji kesho. Uokwe asubuhi, uliwe siku hiyo hiyo. Mtu wa mbali usimpelekee.

Hatua ya nne: nani asile nini

Hapa wema unaweza kumuumiza mtu. Uliza kabla, uandike kwenye daftari.

Mwenye kisukari: gramu 250 za sukari kwa vileja 50 ni gramu 5 kila kimoja, karibu kijiko kizima cha chai, na unga wa mchele wenyewe unapandisha sukari. Kusema "kimoja hakidhuru" si kazi yako. Mpelekee karanga za kukaanga zisizo na sukari au mayai ya kuchemsha, ukae naye. Si lazima kila kitu kipite kwenye oveni.

Anayesafishwa damu kwa figo mara nyingi huambiwa apunguze vyakula vyenye potasiamu nyingi, navyo ni pamoja na ndizi, nazi, karanga na chokoleti. Keki ya ndizi, ambayo kila mtu huidhania ya afya, ndiyo isiyomfaa. Anayetumia dawa za saratani kinga yake inaweza kushuka, kwa hiyo apelekewe kilichookwa siku hiyo na kufungwa kikiwa kimepoa. Mgonjwa aliyeandaliwa kwa upasuaji huenda amekatazwa kula, mpe anayemuuguza. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali, hata iliyookwa.

Kuna na mambo ya imani. Manukato mengi ya vanila ya chupa yana alkoholi ndani, kwa hiyo sisi tunatumia hiliki tupu na hatuna maswali ya kujibu. Ramadhani peleka baada ya Alasiri. Kwaresima uliza, wapo waliojinyima vitamu.

Kwa waokaji wenyewe sharti ni moja gumu. Aliyeharisha au kutapika haingii jikoni mpaka saa 48 zipite tangu aache. Anayekohoa apewe kazi ya daftari. Tuliwahi kumrudisha nyumbani dada mmoja aliyekuwa ameshafunga kitambaa na kunawa, akanuna wiki nzima.

Hatua ya tano: chombo kisichorudi

Wote tunajua sahani ya jirani hairudi tupu. Desturi nzuri, lakini mfikirie mjane: umemletea vileja kwenye sahani yako ya maua, naye sasa ana deni. Aioshe, atafute cha kutia ndani, amtume mtoto. Nilikuta sahani yetu kwa mama mmoja imekaa juu ya kabati mwezi mzima, na kila akiniona njiani anaanza kuomba radhi. Tangu hapo tunapeleka kwenye bahasha za kaki, makopo ya maziwa yaliyosafishwa, au vikapu vidogo vya ukili vinavyobaki huko huko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo hata hilo halina mjadala.

Ngoja vipoe kabisa kabla ya kufunga, la sivyo jasho lake litaleta ukungu. Kwa juu bandika kikaratasi: jina la kitafunio, tarehe kilipookwa, na vilivyomo, hasa mayai, maziwa, ngano na karanga. Samli ihesabiwe maziwa. Jina la kikundi tuliliondoa. Halikuwa likimsaidia mlaji.

Vipimo pia vina adabu yake. Vileja 12 kwa mtu mmoja vinatosha, 20 kwa nyumba yenye watoto. Ukipeleka 60 umempa kazi ya kugawa.

Hatua ya sita: mlangoni

Waende wawili, wasizidi. Mmoja awe anafahamika kwenye nyumba hiyo. Saa nzuri kwetu ni baada ya Alasiri, kabla ya jua kuzama, chai inapochemshwa.

Maneno yawe machache. "Hodi. Shikamoo mama. Pole. Tumeoka leo, tukasema na wewe uonje." Basi. Usianze na "tumesikia". Usimwambie kazi ya Mungu haina makosa. Ameambiwa mara mia, na wa kwanza kuliamini ni yeye. Akikukaribisha ndani kaa dakika kumi, kumi na tano. Akitaka kumzungumza marehemu msikilize, mtaje kwa jina lake. Akilia usikimbilie kumnyamazisha. Akipokea mlangoni na kushukuru tu, hiyo nayo ni ziara iliyokamilika.

Ukiona ndani kuna tatizo kubwa kuliko chai, kama mtoto haendi shule, dawa zimekwisha, au mtu anasema hataki tena kuishi, usilibebe peke yako. Hilo la mwisho usilichukulie kuwa ni maneno ya huzuni tu. Usimwache peke yake siku hiyo, mtafute ndugu aliye karibu, na mumfikishe kituo cha afya.

Hatua ya saba: kuendelea bila kuchoka

Tunaoka mara moja kila wiki mbili, Jumamosi asubuhi, trei nne, nyumba zisizozidi sita. Tulipofika nyumba kumi na moja watu wawili waliacha, na hawakusema kwa nini. Mwokaji akifiwa au akiugua, jina lake linaingia kwenye daftari kama mwingine yeyote, na zamu yake inashikwa bila kuulizwa. Mwezi wa Ramadhani tunapumzika kuoka Jumamosi, kwa kuwa kila mwenye tanuri ana shughuli zake.

Mpangeni pia mwisho wa kila ziara. Kwetu eda ikiisha, au mgonjwa akirudi kazini, tunapeleka mara ya mwisho na kumwambia kwamba ni ya mwisho, asije akakaa Jumamosi akisikiliza mlango.

Yule jirani wa kwanza, tuliyemkosea, tulimfanyia kalenda nzima baada ya ile siku ya chai ya rangi. Eda ilipoisha alitoka, akaja kwangu na kopo letu mkononi. Halikuwa tupu, bila shaka. Alikuwa ameoka mwenyewe. Akalifungua, akanipa kimoja, akangoja nimeze, ndipo akasema kwamba vileja vyetu ni vizuri lakini tangu siku ya kwanza tulikuwa tukibania hiliki. Wakati huo tulikuwa tunatia nusu kijiko.

Kile kijiko kimoja na nusu ulichokisoma hapo juu ni kipimo chake.